Ombi la Kumwandikisha Babu Yangu Kama Chupa

Delphine Cundiff,
Darasa la Nane,
Barabara ya Kinu cha Zamani,
Salter's Lick, Kentucky.

Tarehe 6 Mei

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Watunza Chupa za Mwisho,
Kaunti ya Tolliver.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Yocum,

YAH: KUFUNGULIWA KWA CHUPA MOJA AU, IKISHINDIKANA, KUANDIKISHWA KWA BABU YANGU

Shikamoo. Mwalimu wetu wa uandishi, Bi. Lunsford, anasema barua rasmi haianzi na maamkizi. Mama anasema mtoto asiyeamkia hasikilizwi, na mimi nahitaji sana kusikilizwa. Nimewatii wote wawili: nimekuamkia, na sasa naanza rasmi.

Mimi ni Delphine, mwenye umri wa miaka kumi na minne, binti wa mwanachama wako Garnett Cundiff, yule mrefu ambaye kwenye kila mkutano huja na biskuti za mama na kusema kazioka mwenyewe. Wiski sinywi, sijawahi kuonja, na katika barua hii sijiombei hata tone.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumbani kwetu, katika chumba cha chini ya ardhi, kuna chupa arobaini na moja za Nyumbu Mpole, ile wiski ya mahindi iliyokuwa ikitengenezwa hapa hapa bondeni mpaka kiwanda kilipouzwa, miaka sita iliyopita, na wamiliki wapya wakaifuta. Juu ya chumba hicho, katika chumba chenye dirisha linalogongagonga, anaishi babu yangu, Hollis Cundiff, mwenye miaka themanini na miwili. Babu ndiye aliyekuwa akiviringisha mapipa ya Nyumbu Mpole katika ghala namba nne kwa miaka thelathini na minane. Aliyagonga kwa nyundo ya mti na kuyasikiliza, na lililokuwa likivuja alilijua kwa sauti kabla halijalowesha sakafu. Yeye mwenyewe hakuweka hata chupa moja. Siku hizo Nyumbu Mpole ilikaa rafu ya chini kabisa dukani, karibu na chakula cha mbwa, na wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakichekana kwamba anayeiweka akiba ni sawa na anayechota maji ya mto akayafungia kabatini. Basi mto ukakauka.

Sasa, tangu Krismasi, pua ya Babu inafunga. Harufu zinamtoka moja moja. Ya kwanza kuondoka ilikuwa ya kahawa. Ikafuata ya nyama ya nguruwe ikikaangwa, na asubuhi ile Babu alikaa mbele ya sahani yake mpaka mayai yakapoa. Wiki ya Pasaka ikaondoka harufu ya nyasi zilizokatwa. Daktari amesema ni uzee, hauna dawa, na zilizokwenda hazirudi. Kila Jumamosi namfunga Babu kitambaa machoni na kumjaribu, na matokeo nayaandika katika daftari. Zimebaki tano: kitunguu, petroli, siki, vanila, na mbwa wetu akilowa. Vanila imeanza kwenda. Jumamosi iliyopita alisita, akasema, "Ni kitu kitamu, lakini kiko mbali." Na wote wanaojua wanasema kwamba wiski yetu, kwenye pua, hukaa nyumba moja na vanila.

Kwa hiyo naomba chupa moja ifunguliwe, Babu apewe glasi moja, wakati bado anaweza kuinusa. Naomba hilo tu.

Nilianza kwa kumwomba baba, kama inavyotakiwa. Alisema haiwezekani kwa sababu ya Kanuni ya Tisa ya Adabu za Kuweka Akiba, ile karatasi uliyoiandika wewe mwenyewe, ambayo kwetu imebandikwa kwenye mlango wa friji juu ya ratiba ya chanjo za mdogo wangu. Kanuni ya Tisa inasema: "Chupa isiyotengenezwa tena isifunguliwe ila kwa tukio linalostahili."

"Na nani anaamua kama linastahili?" niliuliza.

"Mwenyekiti," baba akasema. "Mzee Yocum akisema fungua, nafungua siku hiyo hiyo."

Alisema hivyo mezani, mbele ya mashahidi, uma ukiwa mkononi.

"Delphine," mama akasema, "kalete kalamu."

Bi. Lunsford anatufundisha kwamba malalamiko yasiyo na namba ni manung'uniko. Basi nayaweka kwa namba.

1. Kuhusu tukio linalostahili. Tangu chupa ya kwanza ishuke chini, matukio yafuatayo yamepimwa na kuonekana hayatoshi: Babu kutimiza miaka themanini, harusi ya Shangazi Nell, harusi ya pili ya Shangazi Nell, ambayo baba amekiri kwamba ilikaribia, na kuzaliwa kwa mdogo wangu Boone. Siku Boone alipoletwa nyumbani, baba alishuka ngazi, akakaa robo saa, akapanda mikono mitupu. "Mtoto mzuri sana," alimwambia mama, "lakini huenda tukapata mwingine." Mama hulikumbuka neno hilo mara nyingi, hasa wakati wa kugawa kazi za nyumbani.

Naongeza hapa jambo la kitaalamu. Babu amenieleza kwamba wiski hukua ndani ya pipa tu. Ikishaingia kwenye kioo haikui tena, hata ukiiweka miaka mia. Kwa hiyo kuendelea kuisubiri ni kumsubiri mgeni ambaye ameshafika na amekaa sebuleni, tena bila kumpa kiti.

2. Kuhusu Kanuni ya Kwanza: "Acha moja kwenye rafu kwa ajili ya anayekuja nyuma yako." Hii ni kanuni nzuri. Mchungaji amesema hata Biblia inamwamuru mkulima asivune mpaka ukingo wa shamba. Ninacholalamikia ni namna inavyotiiwa kwetu.

Oktoba iliyopita Bi. Patrice Goodlett, mwenye duka la njia panda, alisogeza friji yake kuukuu akakuta nyuma yake katoni ya Nyumbu Mpole yenye vumbi, chupa sita. Akaziweka rafuni na tangazo: kila mtu moja. Baba alinunua moja, akaziacha tano kwa ajili ya anayekuja nyuma yake, akarudi kwenye gari. Nyuma yake akaingia mama. Mama naye akanunua moja, akaacha nne kwa adabu. Nyuma ya mama akaingia Shangazi Nell, ambaye alikuwa ameendesha gari kutoka Ohio kwa kazi hiyo. Nyuma ya Shangazi Nell akaingia mume wake, yaani wa pili. Kila mmoja aliacha za wanaokuja nyuma, na waliokuwa wakija nyuma yetu tulikuwa sisi.

Bi. Goodlett alitoka mpaka mlangoni akatazama gari letu.

"Garnett, huo ukoo wako unakuja kuaga maiti?"

"Tunapita tu, Patrice."

"Mbona mnapita mmoja mmoja?"

"Ndiyo adabu."

"Adabu! Basi mwambie huyo shemeji yako mwenye adabu kwamba miwani nyeusi haimfichi mtu mwenye miguu kama ile. Juzi alikuja hapa kununua chambo."

Babu akaingizwa wa tano, kwa fimbo yake. Tafadhali lizingatie hilo, Mheshimiwa: Babu mwenyewe aliinunua moja kati ya chupa hizo, akaibeba kutoka kaunta mpaka garini kwa mkono wake, umbali wa hatua ishirini, na huo ndio muda wote aliowahi kuwa nayo.

Ikabaki moja. Watu wazima wa ukoo walikuwa wamekwisha. Mimi sheria hainiruhusu. Baba alikaa garini akiutazama mlango wa duka dakika arobaini, na mama akaanza kuimba taratibu wimbo wa mazishi. Ndipo akatokea Mchungaji, amekuja kununua barafu.

"Mchungaji," baba alimwita kupitia dirishani, "una haraka?"

Mchungaji alitoka dukani na mfuko wa barafu, na chini ya barafu, imelala kama samaki, chupa ya sita. Nilimuuliza kwa heshima kama hakutakiwa kuiacha kwa ajili ya anayekuja nyuma yake. Alisema aligeuka, akatazama vizuri, na nyuma yake hakuona mtu. Jumapili ile alihubiri juu ya kuridhika.

3. Kuhusu Kanuni ya Tano, "Usimuulize mwenzako ameipata wapi," nasema tu kwamba baba, ambaye anakumbuka matokeo ya kila mchezo wa mpira wa kikapu tangu akiwa na miaka saba, siku hizi kila akiulizwa kanisani alikuwa wapi Jumamosi hujibu kwamba amesahau. Wazee wawili wameshamshauri mama ampeleke kupimwa.

4. Kuhusu kimbunga. Jumamosi tarehe 13 Aprili, saa tisa alasiri, king'ora kililia. Unakumbuka, maana ndicho kimbunga kilichoondoka na banda lako la kuku, na tunakupa pole sana. Chumba chetu cha chini alikijenga Babu mwenyewe kwa mawe, kabla baba hajazaliwa, kwa ajili ya siku kama hiyo. Kinatosha watu kumi wakiwa wamekaa. Siku ile kilitosha wanne wakiwa wamesimama ubavu, kwa sababu kuta tatu kati ya nne zina rafu za Nyumbu Mpole. Tulisimama hivi: mama amembeba Boone, mimi nimembeba mbwa, na baba amezikumbatia rafu kwa mikono miwili, shavu lake juu ya vizibo. Babu hakupata nafasi. Alikaa kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, karibu na mlango, amejifunika kichwani trei ya kuokea mikate.

"Garnett," mama alisema, "una watoto wawili na mikono miwili. Piga hesabu."

"Nyinyi mnaweza kujishika wenyewe, Corinne. Hizi haziwezi."

"Na baba yako?"

"Baba!" baba aliita. "Uko salama huko?"

"Salama kabisa," Babu akajibu kutoka ngazini. "Tena huku kuna upenyo, naona nje vizuri. Banda la Thurman Yocum limeruka. Aa, kuna kuku mmoja anarudi kwa miguu."

King'ora kiliponyamaza, baba aliwasha tochi akakagua chupa moja baada ya nyingine. Hakuna iliyopata hata mkwaruzo. Halafu akapanda kumuuliza Babu habari za goti. Sisemi kwamba baba hatupendi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nasema foleni ilikuwepo, na Babu alikuwa wa mwisho, nyuma ya mbwa.

5. Kuhusu hali za maisha. Chupa zimesimama wima, gizani, katika ubaridi usiobadilika mwaka mzima. Zimetenganishwa kwa blanketi la viraka aliloshona marehemu Bibi, na baba ndiye aliyelikata. Kila Jumanne na Ijumaa akitoka kazini baba huzitembelea kwa saa nzima. Huzipangusa, huzigeuza ili kila nyumbu kwenye lebo atazame mbele, na huzisemesha. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Habari za tangu juzi, wazee wangu?"

Babu anakaa juu ya hapo hapo, kwenye dirisha linalogongagonga, na sauti hupanda kupitia sakafu. Jumanne moja nilimpelekea chai nikamkuta amekaa, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani. Nilimuuliza kama nimwite baba.

"Hapana, mwache," Babu akasema. "Anaongea na kazi yangu. Mwache amalize."

Baada ya hapo nilimfuata baba chini nikamuuliza kwa nini hawezi kufungua hata moja, na kanuni tuziweke pembeni kidogo. Alipangusa chupa moja kwanza.

"Kila chupa unayoiona hapa, Del," alisema, "ni pipa ambalo babu yako alilisukuma kwa bega. Nikifungua moja zinabaki arobaini. Halafu thelathini na tisa. Itafika siku nitashuka hapa nisimkute."

Bi. Lunsford anataka tuandike hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, ndiyo maana nimeiandika yote bila kupunguza. Nakiri kwamba ni hoja nzuri. Nilikaa nayo siku mbili. Lakini ina kosa moja: Babu hayuko chini. Yuko juu, chumba cha kushoto ukipita bafu.

6. Kutokana na namba 1 mpaka 5, sasa naleta ombi langu la pili, endapo la kwanza litakataliwa.

Utangulizi wa Adabu zako unasema kitu adimu ni "kile ambacho hakitatengenezwa tena na ambacho idadi ya vilivyobaki inajulikana." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Babu hatatengenezwa tena. Watu wa ghala namba nne walikuwa sita, na tangu Mzee Estill Purdom azikwe Februari amebaki mmoja, kwa hiyo idadi inajulikana. Ukipiga hesabu, Babu ni adimu mara arobaini na moja kuliko Nyumbu Mpole. Na bado hayumo katika daftari la chama.

Naomba aandikishwe. Naomba aandikishwe kama chupa, na apewe haki zote za chupa, yaani: kwa Kanuni ya Pili, king'ora kikilia atangulie kushuka na ashikwe kwa mikono miwili. Kwa Kanuni ya Nne asikae juani wala mahali penye mtikisiko, jambo ambalo litatusaidia kuhusu lile dirisha. Kwa Kanuni ya Sita, inayosema mwenye kitu adimu awaruhusu wanachama wenzake kukitazama na kusikia habari zake, wanachama waje, wavue kofia, wakae wasikilize. Baba hatahitaji kuzisimulia habari zenyewe, kwa kuwa hii ni chupa inayojisimulia, na ukiiuliza juu ya mafuriko yaliyoingia ghalani na mapipa yakaelea mpaka kwenye reli, haitanyamaza mpaka jioni. Kwa Kanuni ya Saba atembelewe Jumanne na Ijumaa. Na kwa Kanuni ya Nane, inayokataza kitu adimu kupelekwa nje ya kaunti, Shangazi Nell aache kututumia picha za nyumba ya wazee iliyo karibu na kwake Ohio, hata kama ina bwawa la bata.

Nimefikiria pingamizi. Kanuni ya Tatu inadai kila kinachoandikishwa kiwe na lebo inayosomeka. Babu bado anacho kitambulisho chake cha kazi, chenye jina lake, namba ya ghala na mwaka alioanza. Kinasomeka kuliko lebo zetu kadhaa, ambazo panya alizionja zilipokuwa nyuma ya friji ya Bi. Goodlett. Kama kuna pingamizi kuhusu ujazo, naweza kumpima.

Akishaandikishwa, Kanuni ya Tisa nayo itamhusu. Tutakuwa na vitu adimu vya aina mbili katika nyumba moja, vyote vimetoka ghala moja, kimoja juu na kingine chini, vimetenganishwa na ubao wa sakafu, na kwa miaka sita havijakutana ila kwa hatua ishirini zile za kutoka kaunta mpaka garini. Mimi naona kukutana kwao ni tukio linalostahili. Ikiwa chama kinaona halistahili, naomba mtuandikie ni lipi, tulibandike kwenye friji, tujue tunachongoja.

Kwa hesabu ya daftari langu, vanila ina wiki tatu. Naomba jibu kabla ya hapo. Mkutano wenu ni Alhamisi. Kama ni lazima nifike kujieleza, nitafika, na nitavaa viatu vya kanisani.

Nakuomba radhi kama kuna mahali nimevuka mpaka. Nifikishie salamu zangu kwa Bi. Yocum, na mwambie mama ameuliza habari za mkono wake. Kwa wanachama wote kwa majina yao. Kwa Mchungaji ukimwona kabla yetu. Na kwa kuku aliyerudi kwa miguu, ambaye hapa kwetu anatajwa kwa heshima.

Ni mimi, ninayekuandikia kwa adabu niliyofundishwa nyumbani, shuleni na kwenye mlango wa friji,

Delphine R. Cundiff

Nyongeza, siku hiyo hiyo, kabla bahasha haijafungwa:

Nilihitaji stempu, na stempu hukaa kwenye pochi ya baba. Aliniuliza barua ni ya nani. Sikudanganya. Aliisoma kurasa zote akiwa amesimama, na alipofika kwenye habari za ngazi ya tatu kutoka juu akavuta kiti akakaa. Alipomaliza aliikunja akanirudishia. Alishuka chini. Nikafikiri amekwenda kuziangalia. Akapanda na chupa moja na glasi mbili, akaenda kugonga mlango wa chumba cha kushoto ukipita bafu.

"Baba, una nafasi?"

"Tangu nistaafu," Babu akasema.

Babu aliishika glasi chini ya pua muda mrefu sana, macho amefumba mwenyewe bila kitambaa, mpaka mama akaanza kuniminya mkono. Halafu akasema, "Ghala namba nne. Orofa ya juu, upande wa reli." Akaonja. "Na niliwaambia waiache pipani miaka miwili zaidi. Hawakusikia." Baba alicheka mpaka ikabidi akae kitandani, na wakakaa hapo wote wawili, bega kwa bega, mpaka chakula cha jioni kikapoa na mama hakuwaita.

Baada ya hapo nilitaka kukuandikia kwamba Kanuni ya Tisa ifutwe moja kwa moja. Lakini baba alipoinamisha chupa kumwongezea, Babu aliifunika glasi kwa kiganja.

"Zimebaki ngapi?"

"Arobaini."

"Ziba hiyo. Na hizo nyingine asiguse mtu."

Amesema hii iliyofunguliwa ni ya kuonja yeye na baba, Jumanne na Ijumaa, kidogo kidogo. Itakayofuata itafunguliwa siku nitakapotimiza miaka ishirini na mmoja, sheria ikiniruhusu, ninywe naye, na si siku moja kabla, hata Shangazi Nell aolewe mara ya tatu. Atakuwa na miaka themanini na tisa. Nilimkumbusha kwa heshima kuhusu vanila. Alisema siku hiyo nitanusa mimi nimweleze, na kazi yake itakuwa kuniambia kama nimekosea. Kisha akamtuma baba kutafuta mbao za kuongeza rafu, lakini upande mmoja tu, ili benchi lipate nafasi ukutani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba Kanuni ya Tisa isiguswe, na kama inawezekana iongezwe makali. Ombi la kumwandikisha Babu kama chupa nalo nalifuta. Anasema angependa zaidi kuandikishwa kama mlinzi. Kwa upande wangu naomba fomu ya uanachama, ya watoto kama ipo. Chupa yangu nimeshaichagua, safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto, nimeifunga utepe, na baba nimemwonya asiigeuzegeuze. Nimetazama kalenda: siku yenyewe itaangukia Jumapili, na Jumapili katika kaunti yetu hakuna duka linalouza wiski. Sasa mtu asipoweka mapema, atafanyaje?